KABLA YA JEMBE, TULIA
Tathmini ya mazingira kwa njia ya miguu na baiskeli: ni kazi ya nani, na inafanywaje?



Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, njia zetu huwa zimeshajaa watu. Watoto wanakwenda shule. Akina mama wanaswaga punda kufuata maji. Vijana wanasukuma baiskeli zenye mitungi au gunia la ndengu la kupeleka sokoni. Wengi hupita pembeni mwa barabara ya magari kwa sababu njia nyingine hakuna, na gari likija kwa kasi mtoto hurukia mtaroni. Katika Kenya nzima zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani kila mwaka tangu 2021, na waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote.

Basi si ajabu vikundi vyetu vinauliza: Je, hatuwezi kujitengenezea njia yetu wenyewe, ya miguu na baiskeli, mbali na magari? Wazo ni zuri. Nguvu iko, mwethya uko, majembe yako. Lakini mtu akitaja tathmini ya mazingira, wengi hukunja uso. "Hayo ni mambo ya viwanda," wanasema. "Njia ya miguu itaharibu nini?"

Tunataka kulijibu swali hilo kwa makini. Jibu kwa ufupi ni hili: njia ya miguu inaweza kuharibu shamba, kisima na ujirani. Pia inaweza kuvijenga vyote vitatu. Linaloleta tofauti ni maswali tunayouliza kabla ya jembe la kwanza. Jina la mahali petu, kwa Kiswahili, tayari linatushauri: tulia kwanza.

NJIA NI MTO

Mtu yeyote aliyekulia Ukambani anajua korongo fulani ambalo wazee husema lilikuwa njia ya ng'ombe. Huo si uvumi. Miguu ya watu na kwato za mifugo hukanyaga udongo mpaka ukawa mgumu kama sakafu, na nyasi haziwezi kuota tena. Mvua ya Novemba ikinyesha kwa nguvu, kama inavyonyesha kwetu, maji hayazami. Yanatafuta pa kupita, na njia yako, iliyonyooka kutoka juu mpaka bondeni, ndiyo rahisi kuliko zote. Mwaka wa kwanza unaona mfereji mdogo. Mwaka wa tatu watu wanatembea pembeni mwake. Mwaka wa kumi ni korongo la kumeza ng'ombe.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kikundi kinataka njia ya kilomita 3, yenye upana wa mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 6,000. Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu ya njia hiyo, inashusha lita 300,000. Hata nusu yake ikizama ardhini, zinabaki lita 150,000 zinazokimbia. Hizo ni mitungi 7,500 ya lita 20, kwa mvua moja tu! Na hapo hatujahesabu maji yanayoingia njiani kutoka mashamba ya juu.

Mitungi hiyo 7,500 itakwenda wapi? Swali hilo ndilo moyo wa tathmini ya mazingira katika nchi kavu kama yetu. Ikielekezwa vibaya, itabeba udongo wa jirani, itakata matuta yake ya fanya juu, na kuutupa mchanga mahali usipotakiwa. Ikielekezwa vizuri, itanywesha mipapai, miembe na nyasi za mifugo.

Hayo ya pili si ndoto. Katika Kaunti za Kitui na Makueni kumekuwa na kazi ya kufundisha wakulima na watu wa barabara namna ya kuyavuna maji ya barabarani. Mkulima huchimba mfereji unaoyapokea maji kutoka mtaro wa barabara na kuyapeleka kwenye matuta ya shamba au kwenye kidimbwi. Na mahali barabara inapovuka mto wa msimu, hujengwa drifti isiyo na mabomba chini, yaani kivuko cha mawe na saruji ambacho maji hupita juu yake. Drifti ya namna hiyo huzuia mchanga upande wa juu, na ule mchanga huhifadhi maji, sawasawa na mabwawa ya mchanga ambayo vikundi vya Utooni kule Makueni na shirika la SASOL hapa Kitui wamejenga kwa miaka mingi. Kama barabara ya magari inaweza kuleta maji, njia ya baiskeli nayo inaweza.

TULISHAJIFUNZA KWA UCHUNGU

Wengine watasema tathmini ya mazingira ni kitu cha kigeni. Ni kweli kwamba sheria ya kwanza kubwa ya namna hii ilitungwa Marekani, ikaanza kazi Januari 1970. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeshafundishwa kwa nini inahitajika, tena kwa njia ngumu.

Mnamo mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Ukambani unaisha. Hapo haikukosea, mmomonyoko ulikuwa mkubwa kweli. Ilikosea katika dawa. Bila kukaa na watu na kuwasikiliza, iliamua ng'ombe wapunguzwe kwa lazima. Ng'ombe walichukuliwa, wakapigwa mnada kwa bei ya chini. Watu wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumlisha na Makueni, walikwenda Nairobi kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Mwishowe serikali ililazimika kuacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Sasa angalieni yaliyofuata. Kuanzia miaka ya 1950, watu wale wale walichimba matuta ya fanya juu katika milima ya Machakos, wengi wao kwa vikundi vya mwethya. Waliona faida yake shambani, na wakachagua wenyewe namna ya kufanya. Mwaka 1994 watafiti walitoa kitabu kuonyesha kwamba mmomonyoko katika wilaya hiyo ulipungua ingawa watu walikuwa wameongezeka mara nyingi. Udongo ni ule ule na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliosikilizwa ndio waliofanya kazi.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya tathmini, tusifikirie karatasi ya Nairobi. Tufikirie mambo mawili yaliyokosekana mwaka 1938: kuiangalia ardhi vizuri, na kumsikiliza anayeishi juu yake.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali kuweka utaratibu wa tathmini ya mazingira na kuwashirikisha wananchi.

Kabla ya hapo kulikuwa tayari na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, tunayoijua sote kama NEMA. Kifungu cha 58 kinamtaka mwenye mradi ulio kwenye orodha ya sheria kupeleka ripoti NEMA kabla ya kuanza kazi. Mwaka 2019 orodha hiyo ilipangwa upya katika makundi matatu: miradi ya hatari ndogo, ya hatari ya kati, na ya hatari kubwa. Mradi mdogo huandikiwa ripoti fupi. Mradi mkubwa, kama bwawa au mgodi, hufanyiwa uchunguzi kamili.

Njia yetu ya miguu iko wapi hapo? Kwa kawaida njia ndogo haitazamwi kama bwawa. Lakini usijiamulie mwenyewe. Njia ikivuka mto, ikipita chemchemi, ikipanda kilima chenye mteremko mkali au ikiingia msitu, mambo yanabadilika. Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti na ramani yako, hata kama umeichora kwa mkono, ukaulize mapema. Swali halilipiwi. Na kazi yoyote ndani ya mto, hata drifti ndogo, ipelekee pia Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwanza.

"Lakini sisi tunafanya jambo zuri," mtu atasema, "baiskeli haitoi moshi!" Ni kweli. Ila nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Mji wa San Francisco, kule Marekani, ulipitisha mpango wa njia za baiskeli bila kuufanyia tathmini. Mwaka 2006 mahakama iliusimamisha, na agizo hilo likaondolewa mwaka 2010 tu, baada ya mji kufanya kazi ambayo ungeifanya tangu mwanzo. Miaka minne ilipotea. Sisi ambao mwethya wetu hukusanyika kwa shida kati ya palizi na mavuno, tunaweza kupoteza miaka minne?

TEMBEA KABLA YA KUCHORA

Ripoti ya NEMA huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Lakini mtaalamu huyo atakaa nanyi siku moja au mbili. Nyinyi mmekaa hapo maisha yenu yote. Kwa hiyo kamati isimngojee. Chagueni watu wasiozidi kumi: mzee anayekumbuka mafuriko ya zamani, mama anayechota maji, kijana wa baiskeli, mfugaji, mwalimu, mtu mwenye ulemavu wa miguu. Tembeeni mahali njia inapotarajiwa kupita, kutoka mwanzo hadi mwisho. Tembeeni mara mbili, wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua kubwa. Bebeni kamba, vijiti, daftari na pima maji ya fundi wa nyumba. Kila mahali penye jambo, simameni mkaandike. Yaulizeni haya matano.

1. Maji yanatoka wapi na yatakwenda wapi?

Njia isishuke kilima kwa mstari ulionyooka, hata kama hiyo ndiyo fupi. Ipitishwe kwa mshazari, karibu na kufuata matuta. Kanuni moja rahisi ya watengenezaji wa njia ni kwamba njia isipande kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa kilima chenyewe. Nyingine ni kwamba kwa wastani isipande zaidi ya mita 10 katika kila mita 100. Kwa baiskeli yenye mzigo na kwa kiti cha magurudumu, mita 5 katika 100 ni afadhali sana. Njia ilale kidogo upande wa bonde ili maji yavuke upesi badala ya kukimbia juu yake. Wekeni vizuizi vidogo vya mawe vya mshazari, vya kutoa maji nje mara kwa mara, na vikaribiane zaidi penye mteremko mkali. Kisha muulizeni mwenye shamba la chini: Je, unayataka maji haya? Tukuletee wapi?

2. Miti gani iko njiani?

Hesabuni miti, si kwa macho tu bali kwa kuandika. Mukau wa jirani ni akiba yake ya mbao, pengine ndiyo karo ya mtoto. Mkuyu ulio kando ya mto ni alama ya maji yaliyo karibu chini. Mara nyingi njia inaweza kuuzunguka mti kwa hatua tano tu. Mkumbuke mwaka 2020, wakati barabara kubwa ya juu ilipojengwa Nairobi. Kulikuwa na mugumo mkubwa wa siku nyingi kwenye Waiyaki Way uliotakiwa kuondolewa. Watu walipaza sauti, na Novemba mwaka huo Rais aliagiza uachwe. Ikiwa barabara ya mabilioni iliweza kuusamehe mti, njia ya miguu haina kisingizio.

3. Nani mwingine ataifuata njia hii?

Hili husahauliwa sana. Njia tuliyoifungua kwa ajili ya watoto wa shule inaweza kuwa mlango wa trekta la mchanga. Sote tunajua mchanga wa mito yetu unavyowindwa. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Mchanga ukiisha, maji yaliyokuwa ndani yake yanakwenda nao, na akina mama wanarudi kuchimba visima virefu. Kwa hiyo njia inayofika mtoni iwe na nguzo za mawe au za zege kwenye milango yake, zenye nafasi ya kupita punda na mzigo wake, baiskeli na kiti cha magurudumu, lakini si trekta. Pikipiki itaweza kupita. Hiyo haizuiwi na nguzo, inazuiwa na makubaliano ya baraza na watu wa boda boda wenyewe. Waiteni tangu siku ya kwanza.

4. Tunakanyaga shamba la nani, na kumbukumbu ya nani?

Njia nyingi zilizopo ni za kuombana tu. Babu alimruhusu jirani apite, na sasa mjukuu ana hati. Hakuna njia ya kudumu juu ya shamba la mtu bila yeye kukubali kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Muwe waangalifu hasa na mjane ambaye shamba bado liko kwa jina la marehemu. Asije akasainiwa na shemeji. Ulizeni pia juu ya makaburi, na juu ya mathembo, mahali pa ibada za wazee. Hata kama wewe huamini mambo hayo, jirani yako anaamini, na tathmini ya kweli huandika yale yaliyo na maana kwa watu wa mahali.

5. Je, tukiacha kabisa? Au tukifanya vingine?

Swali hili huwaudhi wenye haraka, lakini ripoti nzuri haliruki. Pengine njia ya zamani ikitengenezwa vizuri inatosha. Pengine kinachohitajika ni kivuko kimoja tu kwenye mto na matuta ya kupunguza kasi ya magari mbele ya shule. Mkiona baada ya kupima kwamba njia mpya ndiyo bora, mtakuwa na sababu, si hamu tu.

MKUTANO WA KWELI NI UPI?

Sasa tufike penye ugumu. Karibu kila mradi husema umewashirikisha wananchi. Kuna orodha ya majina, kuna soda zilizonywewa. Lakini kushirikisha ni nini hasa?

Tuna mfano mkubwa hapa nchini. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, cha megawati 1,050. Wenyeji walikata rufaa. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta leseni hiyo. Sababu moja kubwa ilikuwa hii: mikutano ya mwanzo ilifanyika kabla uchunguzi haujakamilika, na baadaye watu hawakupewa nafasi ya kutosha kuyajua na kuyajadili yale uchunguzi ulioyaona. Waliitwa, lakini hawakupewa habari ya kujadili. Baraza lilisema hiyo haitoshi.

Ukubwa wa kituo kile na njia yetu haulingani, bila shaka. Lakini kanuni ni moja. Mkutano usiokuwa na habari si mkutano, ni sherehe. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziliagiza kwamba kwa uchunguzi kamili kuwe na mabango mahali watu wanapopita, matangazo ya gazeti na redio, tena kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na angalau mikutano mitatu. Sisi kwa mradi wetu mdogo tunaweza kuiga roho ya jambo hilo bila gharama kubwa:

Tangazeni kanisani, msikitini, sokoni na shuleni, wiki mbili mapema. Semeni kwa Kikamba.

Badala ya kuonyesha ramani ukutani tu, wapelekeni watu njiani. Pigeni vigingi na kamba ili kila mtu aone njia inapita wapi hasa. Mama asiyesoma ramani atasoma kigingi kilicho kwenye kunde zake.

Wawekeeni akina mama saa yao. Baraza la saa nne asubuhi huwakuta kisimani.

Andikeni pingamizi zote, hata zile zinazowachukiza, na mbele ya kila moja andikeni mlilofanya juu yake. Karatasi hiyo ibandikwe wazi.

Susu mmoja akisimama na kusema, "Wanangu, hapo mnapotaka kupita ndipo mto ulipopita nilipokuwa msichana," msimharakishe akae. Huenda ameokoa saruji yenu yote. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kujenga au kulima kando ya mto kwa upana wa mita 6 hadi 30 kila upande, na kipimo kilihesabiwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kuonekana. Na nani aliyeyaona mafuriko hayo, kama si yeye?

RIPOTI, LESENI, NA BAADA YA HAPO

Mtaalamu akija, mpeni daftari lenu la matembezi. Mwambieni aandike ripoti itakayosema wazi: njia inapita wapi, nini kitaathirika, nini kitafanywa kupunguza madhara, nani atakifanya, lini, na kwa pesa gani. Sehemu hiyo ya mwisho huitwa mpango wa usimamizi wa mazingira. Kama ina maneno "kamati itahakikisha" bila jina la mtu na bila shilingi, irudisheni. Maneno hayo hayajawahi kuzibua mtaro hata mmoja.

NEMA ikiridhika, hutoa leseni yenye masharti. Someni masharti hayo barazani. Mtu asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupeleka rufaa kwa Baraza lile la Rufaa. Hilo lisiwatishe wenye mradi. Ni afadhali kusikia malalamiko kabla ya saruji kuliko baada.

Kisha mnachimba. Chimbeni wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba, ili mitaro iwe tayari kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Anzeni na mitaro na vizuizi vya maji, halafu ndipo msawazishe njia yenyewe. Wengi hufanya kinyume, na mvua ya kwanza huwafundisha. Pandeni nyasi kwenye kingo zilizochimbwa.

Baada ya mvua ya kwanza kubwa, wale watu kumi watembee tena na daftari lao. Maji yalipita tulipotaka? Shamba la nani limekatwa? Nguzo ziko? Huo ndio ukaguzi wa baadaye, na sheria nayo inautaka. Msitu wa Karura jijini Nairobi unatuonyesha kwa nini. Karibu na mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake waliumizwa wakiulinda usigawiwe wajenzi. Leo watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli humo kwenye makumi ya kilomita za njia, na msitu bado uko. Uko kwa sababu kuna jumuiya inayoshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu kuulinda, kutenga njia za baiskeli na kuzitengeneza. Njia isiyo na mtu wa kuitembelea na jembe mara mbili kwa mwaka itarudi kuwa korongo.

NENO LA MWISHO

Ndugu wapendwa, kuna hasara ya kuchelewa nayo tunaijua. Kila mwezi tunaongoja, mtoto fulani anapita pembeni mwa lori. Kwa hiyo tathmini isiwe kisingizio cha kukaa tu. Matembezi mawili, mikutano mitatu, daftari moja na mtaalamu mmoja: kikundi kilichojipanga kinaweza kuyamaliza kati ya mavuno na mvua. Tukifanya hivyo, mama wa juu atapata njia, mama wa chini atapata maji, na hakuna atakayemlaani mwenzake mvua ikinyesha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, kuna korongo karibu nasi lililoanza kama njia? Nani anakumbuka lilivyoanza, na nani shamba lake limeliwa?

2. Tukichora njia kutoka kwetu mpaka shule na kituo cha afya, inapita mashamba mangapi? Ni wenye mashamba wangapi ambao bado hatujaongea nao?

3. Mitungi ile 7,500 ya mvua moja: kwetu sisi ingekwenda wapi?

4. Ni nani ambaye huwa haji kwenye mikutano yetu, lakini hutumia njia hiyo kila siku? Tutamfuataje?